Joka Lililoandikwa Katika Daftari la Getini

Kwa miaka miwili na nusu nililinda geti la kampaundi moja huko Al Thumama, Doha, karibu na uwanja wa ndege. Nyumba zilikuwa ishirini na sita, na watu wake wote walitoka kwa magari, vioo vimefungwa, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Madam Nobue Kajiwara wa nyumba namba kumi na tisa. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi alikuwa akitokea kwenye kona ya bwawa la kuogelea, kofia pana kichwani, glavu nyeupe mpaka kwenye viwiko kwa ajili ya jua, na kijitabu kidogo kikining'inia shingoni kwa uzi. Akifika getini alikuwa akisimama na kuniinamia. Mara ya kwanza nilidhani ameangusha kitu, nami nikainama kukitafuta.

Kwa miezi sita hatukusemezana zaidi ya habari za asubuhi. Mimi maneno hunipa shida. Mke wangu Phyllis husema kwamba wakati wa kumposa aliyezungumza ni binamu yangu, mimi nilikuwa nimeshika mwavuli. Kwa hiyo siku Madam Nobue aliposimama na kuniuliza swali, nilidhani nimeshtakiwa.

"Maurice-san," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, akiniita kwa heshima ya kwao, "mtu akikaribia geti, unaangalia nini kwanza?"

"Naangalia vizuri, Madam," nilijibu, jasho likinitoka.

Alishukuru, akaenda zake. Siku mbili nililifikiria lile swali. Siku ya tatu, alipokuwa akiinama, nilisema, "Viatu."

"Viatu?"

"Uso mtu huuweka sawa akiwa bado mbali. Miguu huwa anaisahau. Mtu anayekaa hapa huja moja kwa moja. Mgeni hupunguza mwendo hatua kumi kabla ya kufika. Mwenye nia mbaya huongeza."

Alifungua kijitabu chake, akaandika yote akiwa amesimama juani. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akiandika jambo nililolisema mimi.

Hivyo ndivyo nilivyokuja kujua kazi yake, kidogo kidogo, dakika tano kila asubuhi. Alikuwa mwandishi wa vitabu. Kwao Japani kuna vitabu vidogo vya kutia mfukoni, vyenye picha za rangi kurasa za mbele, ambavyo vijana husoma wakiwa kwenye treni. Hadithi zake ni za majoka, wachawi, na mashujaa wanaoshuka chini ya ardhi kupigana na vitu vyenye macho mengi. Alizaliwa katika mji wa theluji. Baada ya shule aliajiriwa katika ofisi ya kiwanda cha vifuniko vya chupa, akakaa huko miaka kumi na mitatu akipiga mihuri kwenye karatasi. Jioni, ndani ya treni, alikuwa akiandika hadithi kwenye simu na kuiweka mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuandika sura moja moja bila malipo, na wasomaji wakiipenda wanaipa nyota. Jina lake halisi alilificha ili wenzake wa ofisini wasimcheke. Jina alilojipa maana yake ni Chumvi Kidogo.

Alipokuwa na miaka thelathini na minne hadithi yake ilipata tuzo ya pili katika shindano, na wachapishaji wakaifanya kitabu. Ilimhusu msichana msuka kamba. Siku mchoraji alipomtumia picha ya yule msichana, Chumvi Kidogo alikwenda kuitazama kwenye ngazi za kiwandani, akalia, kwa sababu kwa miaka minne alikuwa ameishi na mtu asiye na sura. Kitabu cha pili kilitoka mwaka uliofuata. Cha tatu hakikutoka. Hesabu za maduka hazikutosha, mfululizo ukakatwa, na yule msichana akabaki katikati ya daraja la kamba, upepo ukivuma. Wasomaji waliandika barua kwa miaka kadhaa wakiuliza kama alivuka.

"Alivuka?" nilimuuliza.

"Kichwani mwangu, ndiyo," alisema. "Lakini hakuna aliyeona."

Kisha mumewe, mhandisi, alipangiwa kazi Doha. Walikuja kwa miaka mitatu, wakakaa kumi. Aliandika hadithi nyingine nne mtandaoni na hakuna iliyopata wasomaji. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mhariri wake wa zamani, ambaye hakuwa amemsahau, alimpigia simu mwezi wa kumi na mbili na kumpa nafasi. Hadithi mpya aliyokuwa ameianza ikifika katika hamsini za kwanza mtandaoni kabla ya mwisho wa Machi, wataichapa. Isipofika, mhariri mwenyewe anastaafu mwezi wa nne, na anayechukua nafasi yake hamjui Chumvi Kidogo ni nani.

"Kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho," aliniambia, akitabasamu kama mtu anayeomba radhi. "Isipofika, nitaacha kuandika. Nimeshamwambia mume wangu."

Wakati huo ilikuwa ya mia mbili na kumi na mbili.

Hadithi yenyewe ilikuwa juu ya ngome iliyojengwa mdomoni mwa shimo refu. Mashujaa hupitia geti la ngome, hushuka shimoni, hupigana. Getini kulikuwa na mlinzi wa kuchekesha, mwenye mkuki, aliyelala kila sura. Ndiyo maana aliniuliza lile swali la kwanza: alihisi huyo mlinzi hajakaa sawa, na hakujua kwa nini. Mwezi wa pili alinipa sura tatu zilizotafsiriwa na mashine kwa Kiingereza, akaziweka ndani ya bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilizisoma Ijumaa, kwenye kambi yetu ya wafanyakazi huko Industrial Area, nikiwa kitandani, kamusi ikiwa kifuani. Mimi niliishia darasa la nane, na kile Kiingereza cha mashine kilikuwa kama njia yenye mashimo. Chumbani tuko sita. Levis wa kitanda cha juu aliinamisha kichwa.

"Omera, ndugu yangu, ni nini hiyo? Mkataba mpya?"

"Hadithi."

"Ya nani?"

"Ya Madam wa namba kumi na tisa."

"Haiya! Mzee amekuwa rafiki wa mabosi," alisema Benard, aliyekuwa akipiga pasi sare yake. "Wiki ijayo ataanza kukataa ugali, anataka samaki mbichi."

"Leta tuone," Levis alisema, akaninyang'anya karatasi na kusoma kwa sauti. Alipofika mahali shujaa anampita mlinzi aliyelala, Benard aliiacha pasi hewani.

"Ngoja, ngoja. Huyo mlinzi amelala?"

"Amelala."

"Na sura ya kwanza pia alikuwa amelala?"

"Alilala."

"Na hajafutwa? Hiyo ni kampuni gani? Niombeeni kazi huko!"

Tulicheka mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta. Lakini baada ya kicheko nilibaki nikifikiri. Benard, kwa mzaha, alikuwa amegusa ugonjwa wa ile hadithi. Mlinzi yule alikuwa ameandikwa kama na mtu aliyemwona mlinzi kupitia kioo cha gari tu.

Nitamwambiaje? Kwa mdomo nisingeweza. Nilifikiri nimwandikie, na hapo nikakuta shida nyingine. Tangu nitoke shule, kitu pekee nilichokuwa nimeandika ni OB, daftari la matukio linalokaa kila kibanda cha mlinzi: saa, nani, ameingia na nini, ametoka na nini, sahihi. Sijui kuandika vinginevyo. Tena, mlinzi akionekana na simu mkononi kazini huandikiwa barua ya onyo, akionekana na karatasi zisizo za kazi huulizwa maswali. Lakini mlinzi anayeandika katika OB ni mlinzi anayefanya kazi. Hata bosi akipita hupunga mkono.

Kwa hiyo niligeuza OB, nikaanza kuandika kutoka nyuma, kana kwamba geti la ile ngome nimepangiwa mimi. Niliandika kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

*Saa 0600. Nimepokea geti kutoka kwa mlinzi wa usiku. Mkuki mmoja, taa mbili, funguo saba. Shimo limetulia.*

*Saa 0640. Joka moja, dogo, rangi ya kijani, limefika getini. Halina kibali. Linasema linatarajiwa ndani. Nimeliambia lisubiri nje, kivulini.*

*Saa 0715. Mashujaa wanne wameingia. Mikuki minne, mkate, kamba. Viatu vya mmoja ni vipya.*

*Saa 1750. Mashujaa watatu wametoka. Mikuki minne.*

Asubuhi iliyofuata niligeuza daftari juu ya dirisha la kibanda ili Madam Nobue asome. Alisoma akiwa amesimama. Kwenye joka alicheka, akafunika mdomo kwa glavu. Kisha kicheko kikaisha. Alirudia mstari wa mwisho, kidole chake kikipita juu ya kila neno.

"Wa nne yuko wapi?" aliuliza.

"Sijui, Madam. Mlinzi hajui. Yeye anaandika tu."

Gari la nyumba namba tatu lilipiga honi, nami nikakimbia kufungua. Niliporudi alikuwa bado pale.

"Ni yule mwenye viatu vipya?"

"Nafikiri ndiye."

Alitaka kupiga picha ule ukurasa. Nilimwambia kwa heshima kwamba kupiga picha kumbukumbu za mlinzi hairuhusiwi, na kanuni nilizifuata hata siku hiyo, jambo ambalo Levis hunicheka nalo mpaka leo. Akaniomba niendelee kuandika. Niliandika kila siku kwa siku kumi na moja. Lile joka lilikuja kila asubuhi, saa ile ile, bila kibali, na kila asubuhi nililielekeza kivulini. Sijawahi kufurahia kazi kama siku zile. Nilijikuta naangalia geti la kweli kwa macho mapya.

Siku ya kumi na mbili msimamizi wetu, Nick, Mganda mrefu aliyewahi kuwa askari, alifika bila taarifa kukagua. Alifungua OB, akaangalia kurasa za mbele, akaridhika. Ilipokuwa mkononi mwake ikateleza, ikaanguka, ikafunguka kwa nyuma.

"Mzee Maurice."

"Afande."

"Hapa imeandikwa joka."

"Ndiyo, afande."

"Joka gani limeingia Al Thumama?"

"Halijaingia, afande. Liko nje."

Najua jibu hilo halikunisaidia. Alilifunga daftari, akaliweka ndani ya gari. Kesho yake basi la kampuni lilinishusha Al Wakrah, kwenye yadi ya mabomba, ambako anayeingia ni lori moja asubuhi na lori lile lile jioni. Ilikuwa tarehe nne Machi. Sikuwa hata na namba ya simu ya Madam Nobue. Nilihesabu siku zilizobaki: ishirini na saba. Nilikaa kwenye kibanda cha bati nikijiambia kwamba nimemharibia. Alikuwa ameniambia siku ya mwisho kwamba amesimamisha hadithi ya zamani, anataka kuiandika upya yote kwa namna ya daftari la mlinzi, na kwamba anahitaji zile kurasa, kwa sababu kila akijaribu kukumbuka maneno yanakuja yakiwa mazuri mno.

Siku tano zilipita. Ya sita gari la Nick liliingia yadini, nami nikasimama wima.

"Keti, mzee," alisema. Akakaa yeye kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Wewe umeniletea watu ofisini."

"Watu gani, afande?"

"Yule mama Mjapani. Alikuja jana na boksi la peremende limefungwa kama zawadi ya harusi. Akainama mbele ya Kawira wa mapokezi mpaka Kawira akadhani anazimia, akamletea maji. Akasema kosa lote ni lake, wewe hukufanya lolote, yeye ndiye aliyekuomba. Kisha akaomba daftari."

"Ukampa?"

"Daftari la kampuni halitoki ofisini. Wewe wajua hiyo." Alijikuna shavu. "Lakini hakuna kanuni inayosema mtu hawezi kuketi ofisini akasoma. Nimempa kiti. Alikaa jana, amekaa leo, ananakili kwa mkono. Kawira anampa chai ya karak."

Nick aliangalia mabomba, akaangalia kiatu chake, kisha akaniangalia mimi.

"Sasa niambie. Lile joka. Lilipewa kibali au halikupewa?"

"Bado, afande."

"Bado? Siku kumi na moja!" Aliinuka, akapiga ndoo teke. "Mzee, ofisi nzima inauliza. Hata mudir, bosi mkubwa, ameuliza. Andika basi! Lakini daftari la majoka nunua lako mwenyewe, usiniletee tena kwenye OB." Akanipa karatasi yenye namba ya simu ya Madam Nobue, akaondoka.

Nilinunua daftari la kurasa mia mbili. Nilikuwa naandika wakati wa mapumziko ya mchana, na jioni kambini nazipiga picha kurasa na kumtumia kwa simu, Benard akisimama nyuma yangu na kutoa amri. "Mwambie mlinzi aombe likizo. Hana hata siku moja ya kupumzika?" Niliandika hilo pia. *Saa 1200. Nimeomba likizo. Imekataliwa. Shimo halina likizo.* Madam Nobue alinijibu kwamba alicheka mpaka mumewe akaja kutazama.

Yeye ndiye aliyeandika kitabu, hilo nataka lieleweke. Mimi nilimpa orodha, naye akaona watu ndani ya orodha. Yeye ndiye aliyejua kwamba mlinzi alikuwa akimngoja yule wa nne, na kwamba alikataa kuhamishwa geti kwa sababu hiyo. Yeye ndiye aliyejua ni nani aliyekuwa akilitarajia joka. Nilipoisoma kwa Kiingereza cha mashine niliona mistari yangu mitano imekuwa kurasa ishirini, na nililia kidogo. Nilimwambia Levis kwamba ni vumbi.

Aliweka sura kila siku. Katikati ya Machi hadithi ilikuwa ya mia moja na tatu. Tarehe ishirini na tano ilikuwa ya sitini na moja, ikakwama hapo siku tatu. Tarehe ishirini na nane hakunipigia. Ishirini na tisa hakunipigia. Tarehe thelathini, nikiwa kwenye foleni ya basi baada ya zamu, simu iliita.

"Maurice-san," alisema. Nilisikia akipumua. "Arobaini na nne."

Niliinama. Pale pale kwenye foleni, mbele ya watu sitini wa zamu, niliinama kama yeye anavyofanya, simu ikiwa sikioni.

"Mzee ameangusha nini?" mtu mmoja aliuliza nyuma yangu.

Kitabu kilitoka mwezi wa kumi. Kabla ya hapo mchoraji alituma picha ya mlinzi, kijana mwenye nywele nzuri na kiuno chembamba. Madam Nobue alirudisha na maelezo: umri miaka arobaini na minane, paji la uso pana, viatu vimepigwa rangi. Picha ya pili niliituma nyumbani Ugunja. Binti yetu Stacy akaniandikia, "Baba, kwa nini umeshika mkuki?"

Madam Nobue aliniletea kitabu mwenyewe Al Wakrah, asubuhi, akiwa na kofia na glavu zake. Alinieleza desturi moja ya vitabu hivi. Mwishoni mwandishi huandika maneno yake mwenyewe, kuwashukuru watu. Lakini hachagui urefu. Karatasi za kiwanda cha uchapaji hukunjwa kwa idadi maalumu, hadithi ikiisha hubaki kurasa tupu, na mhariri humpigia mwandishi kumwambia ni ngapi. Katika vitabu vyake viwili vya kwanza alipewa ukurasa mmoja mmoja, ukatosha mhariri na mchoraji tu.

"Safari hii zilibaki tano," alisema.

Alinisomea kwa kidole, mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Alimshukuru mhariri aliyekuwa amestaafu. Alimshukuru mchoraji kwa kukubali kuchora upya. Aliwaomba radhi wasomaji wa zamani kwa kumwacha msichana darajani miaka kumi na mitano, akawaambia kwamba katika sura ya tisa mwanamke mmoja msuka kamba anapita getini akiwa salama, na mlinzi anamwandika. Alimshukuru msimamizi mmoja mrefu kwa kiti, na mwanamke wa mapokezi kwa chai. Kisha kidole kikasimama juu ya herufi nne za Kijapani.

"Hapa," alisema. "Maurice."

Nilimshukuru kwa Kiingereza, nikamshukuru kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo pia, lugha ninayoombea. Mimi ni mtu ambaye maisha yangu yote nimeandika majina ya wengine wakiingia na kutoka.

Kitabu kiko chini ya mto wangu kambini, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Ninakisoma kwa kamera ya simu inayotafsiri, ukurasa mmoja kwa siku. Wiki iliyopita nilifika ukurasa wa tisini na mbili, nikakuta jambo lililoninyima raha. Nilivumilia siku mbili kisha nikampigia.

"Madam, samahani sana. Ukurasa wa tisini na mbili, mlinzi amefungua geti kabla ya kuandika saa."

Kisha nikasikia kurasa zikifunguliwa.

"Ni kweli," alisema. "Asante, Maurice-san. Bado hatujachelewa. Wanachapa mara ya pili Alhamisi."